Kitoweo cha Ziwa Magelungen

Njia ya treni namba 19 ya Stockholm ina ncha mbili ambazo mpenda kuvua samaki hawezi kuzitazama kwa jicho moja. Ncha ya magharibi, Hässelby strand, imeishia ukingoni mwa ziwa kubwa la Mälaren, ilhali ncha ya kusini, Hagsätra, ambako treni zilianza kufika mwezi wa Desemba 1960, imeishia katika mtaa wa maghorofa, maduka na misonobari, wala hapana tone la maji lionekanalo kutoka kituoni. Hata hivyo mkazi wa Hagsätra si mtu wa nchi kavu. Akishika njia ya miguu akapita Rågsved na hifadhi yake ya miti na nyasi, atatokea kwenye Magelungen, ziwa lililolala mpakani baina ya jiji la Stockholm na wilaya ya Huddinge; na akiona uvivu wa kutembea, treni ile ile itamshusha Gamla stan, na kutoka hapo mwendo wa dakika chache utamfikisha Strömmen, mkondo ambao kwao maji ya Mälaren humiminika katika Bahari ya Baltiki mbele ya jumba la mfalme.

Mtaa huo na jirani yake Rågsved ni makazi ya watu waliotoka pande nyingi za ulimwengu: Wairaki na Wasyria, Wapolandi, Wasomali na Waeritrea, Wakongomani, na Waswahili wachache wa Unguja na Mombasa ambao hukutana zaidi arusini na matangani kuliko ziwani. Baadhi yao, wakipata nafasi baada ya kazi, huchukua fimbo ya kuvulia na kopo la nyungunyungu wakaenda majini kwa ajili ya kuburudisha nafsi, si kwa kutafuta mali. Lakini burudani hiyo moja ina hatima nyingi, na tofauti baina ya watu hudhihiri pale samaki atokapo majini, si kabla. Mfano wake ni braxen, samaki mpana wa ubavu bapa, mwenye magamba makubwa, ute tele, na miba yenye panda iliyotawanyika nyamani, ambaye hustawi sana katika maziwa yenye rutuba nyingi na maji mazito kama Magelungen. Mswidi akimnasa, aghalabu humtoa ndoana kwa upole, huenda akampiga picha, kisha akamrudisha alikotoka. Mpolandi humtia ndooni. Mwiraki humkadiria kwanza kwa jicho kama ana unene wa kustahili moto. Msomali wa ukoo wa wafugaji huweza kumgawia jirani, na Mzanzibari huuliza kama ana miba, akaambiwa anayo, akasema haidhuru.

Kabla ya kufika jikoni yafaa sheria ijulikane, kwa kuwa magomvi mengi ya ukingoni huanzia hapo. Haki ya umma ambayo Waswidi huiita allemansrätten, na ambayo huwaruhusu watu wote kupita msituni, kupiga hema kwa usiku mmoja na kuchuma uyoga na matunda ya mwituni hata katika ardhi isiyokuwa yao, haikuingiza samaki. Samaki wa ziwa dogo wana wenyewe, na mvuvi hana budi kununua kadi, fiskekort, ndipo atie mshipi majini. Maziwa makubwa matano, yaani Vänern, Vättern, Mälaren, Hjälmaren na Storsjön ya Jämtland, pamoja na pwani ya bahari, ni huru kwa kila avuaye kwa fimbo na mshipi wa mkono. Na kwa pwani ya mashariki uhuru huo ulikamilishwa mwaka 1985, juu ya manung'uniko ya wenye ardhi ambao tangu zama za babu zao waliyahesabu maji yaliyo mbele ya mashamba yao kuwa ni mali yao. Ama Strömmen, wenyeji hupenda kusimulia kwamba ruhusa ya kuvua hapo ilianza katika enzi za Malkia Kristina, karne ya kumi na saba. Na jiji lenyewe humwaga humo vifaranga vya samoni na trauti wa baharini, ili mtu asiyekuwa na mashua wala shamba naye apate kumvua samaki wa kifalme bila kutoa hata senti. Mgeni anayetoka katika nchi ambayo maji ni ya Mungu na samaki ni wa aliyeamka mapema, huona ajabu kwamba ziwa moja linadai kadi na jingine halidai, na aghalabu hulijua hilo baada ya kuulizwa na mkaguzi.

Mgeni huyo huyo akimwona Mswidi akimrudisha majini samaki wa kilo mbili, hudhani ameiona ada kongwe ya taifa hili, kumbe ameona jambo changa. Cajsa Warg, mpishi wa Stockholm ambaye kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1755 kilipigwa chapa mara nyingi na kutumiwa na vizazi vya wake wa nyumba za heshima, aliwafunza wasomaji wake kuwapika samaki wa maziwani, akina gädda, braxen na ruda, bila ya kuwaombea radhi. Kabla ya zama zake, wakati Waswidi walipokuwa Wakatoliki na siku za mfungo zilipokataza nyama ya mnyama lakini hazikukataza ya samaki, watawa na makabaila walichimba mabwawa karibu na nyumba zao wakafuga humo ruda, samaki mnene wa rangi ya shaba anayeweza kuishi katika maji machache na hewa haba. Na mabwawa hayo yalidumu kuchimbwa hata baada ya Mfalme Gustav Vasa kuuvunja uwezo wa Kanisa la Roma mwaka 1527. Mswidi wa zama hizo angalimwona mtu akirudisha braxen majini, angalimdhania amerukwa na akili.

Kilichomtoa braxen mezani si fatuwa wala amri ya serikali, bali ni ukwasi. Barafu na reli zilileta samaki wa bahari hadi miji ya ndani, kisha likaja friji. Na tangu miaka ya 1970 jirani yao Norway aliposhika kazi ya kufuga samoni katika vizimba vya baharini, samaki huyo, ambaye zamani alikuwa wa karamu, alishuka akawa kitoweo cha Jumanne, kipande chekundu kilichokatwa sawasawa na kuchomolewa miba yote. Aliyelelewa kwa kipande kama hicho ataona kumla braxen ni adhabu. Zaidi ya hayo, kuvua kwenyewe kulibadilika maana. Mabwana wa Kiingereza waliokuja Skandinavia katika karne ya kumi na tisa kuvua samoni kwa starehe waliacha nyuma yao fikra kwamba kuvua ni fani, yenye murua na sheria zake, na kwamba samaki ni mshindani anayestahili heshima. Fikra hiyo ikapata vyama vya kuilea, kikiwemo Sportfiskarna, kilichoasisiwa mwaka 1919 na ambacho leo ndicho chama kikubwa cha wavuvi wa starehe nchini Uswidi. Mtu akishamheshimu mshindani wake kiasi hicho, ni vigumu kumtia bizari.

Isidhaniwe lakini kwamba Mswidi ni mtu wa kuchagua-chagua chakula kupita kiasi. Mwezi wa Agosti ukifika yeye huketi bustanini chini ya taa za karatasi, akavaa kofia ya mchezo, akawafyonza kwa sauti kamba wa maji baridi waliochemshwa kwa chumvi na mashada ya bizari jani, wala hakuna anayemwonea haya mwenziwe. Katika mwezi huo huo hufungua makopo ya surströmming, dagaa wa Baltiki waliovundikwa kwa chumvi kidogo hata bati la kopo likavimba, ambao harufu yao huwalazimisha watu kula nje ya nyumba. Mzanzibari aliyekulia karibu na mabanda ya ng'onda na papa mkavu pale Darajani hana haki ya kucheka. Na kusema kweli nimewaona Waswahili wakiikimbia meza ya surströmming, wakasahau kwamba wao nao wana sufuria ambayo jirani wa ghorofa ya juu huifungia dirisha.

Wapolandi na Wairaki wamekuja na habari nyingine. Braxen, ruda, sutare na mört wote ni wa jamii moja na karpu, samaki ambaye katika nyumba za Poland na Ucheki ndiye mfalme wa mkesha wa Krismasi. Watu wa huko, hasa zamani, humnunua akiwa hai, wakamweka siku mbili tatu katika bafu la nyumbani, watoto wakampa jina na kumzoea, kisha akaliwa. Na gamba lake huwekwa katika pochi kwa kutarajia baraka ya fedha mwaka ujao. Wairaki nao wana masgouf: samaki huchanwa mgongoni, akafunuliwa bapa, akasimamishwa kwa vijiti kando ya moto wa kuni ili ubavu wake wa ndani uive polepole kwa joto la pembeni, na Baghdad barabara ya Abu Nuwas, iliyofuatana na mto Tigris, ilipata umaarufu kwa kazi hiyo. Zamani walitumia samaki wa mto wenyewe, bunni na shabbout. Karpu aliingizwa Iraki katika miaka ya 1950, na kwa muda mfupi akawa kama mzaliwa. Mtu wa Baghdad akifika Magelungen akamwona braxen au sutare, hamwoni samaki wa kigeni, bali humwona ndugu wa aliyemwacha nyumbani.

Kuhusu ile miba yenye panda, ambayo ndiyo hoja kubwa ya Waswidi, nilipata kumtazama bibi mmoja wa Kipolandi jikoni kwake Hagsätra akimaliza hoja hiyo kwa kisu. Kwanza alijipaka chumvi viganjani ili ute usimponyoke samaki, akampara ndani ya maji ili magamba yasiruke ukutani. Alipokwisha kuutenga mnofu na mifupa ya mbavu, aliulaza ubaoni ngozi ikiwa chini, akaanza kuukata mkato mmoja baada ya mwingine, nafasi baina yao ikiwa haizidi milimita tatu, kisu kikiifikia ngozi bila kuitoboa. Na kila kilipopita kikasikika kikikwaruza, krr, krr, nayo ndiyo sauti ya miba ikikatika. Akanyunyiza chumvi, akagaragaza mnofu katika unga, akautia katika mafuta ya moto sana. Vipande vya miba, vikiwa vifupi kiasi hicho, hukauka mafutani vikaliwa pamoja na nyama pasipo mtu kuvihisi. Sisi wa pwani humchanja samaki ili viungo vimwingie. Yeye alimchanja ili mwiba usahaulike, na siku hizi nimeanza kuchanganya madhehebu hayo mawili, nikaona faida yake.

Mambo haya ya kumla samaki au kumrudisha majini hayakuzua fujo kubwa nchini Uswidi, lakini Uingereza yalifika magazetini. Wapolandi na Walithuania walipoingia huko kwa wingi baada ya nchi zao kupokewa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2004, walikuta mabwawa yenye karpu wakubwa ambao Waingereza huwavua, huwapima uzito, huwarudisha, na wengine huwapa majina na kuwajua kwa alama zao kama mtu amjuavyo farasi wake. Na mgeni alipombeba mmoja wa hao nyumbani kwa chakula cha sikukuu, wenyeji waliona ameiba na kuua kwa pamoja. Mabango ya lugha mbalimbali yakasimamishwa ukingoni, sheria za idadi na kimo zikakazwa, na chama cha wavuvi, Angling Trust, kikatuma wajumbe waliojua lugha za wageni kwenda kuzungumza nao, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa la busara kuliko mabango yote. Na hapo tena kumbukumbu ya wenyeji ilikuwa fupi, kwani Izaak Walton, ambaye Waingereza wenyewe humwita baba wa fani yao, katika kitabu chake cha mwaka 1653 hakuishia kueleza namna ya kumnasa gädda. Alieleza pia namna ya kumwoka, kwa siagi na viungo vya kumshibisha mgeni wa heshima.

Ukivuka bahari ukaingia Ujerumani, mizani hupinduka. Sheria ya huko ya kulinda wanyama hairuhusu kumtia mnyama maumivu bila sababu ya maana, na sababu ya maana ya kumtia samaki ndoana mdomoni ni kumla; kwa hiyo anayemvua kwa nia ya kumrudisha, kwa raha tu ya kuvuta mshipi, ndiye anayeweza kuulizwa. Uswisi nayo ilifuata njia hiyo kuanzia mwaka 2009. Kitendo kile kile ambacho Hagsätra huhesabiwa ustaarabu, mwendo wa siku moja kwa gari kuelekea kusini huweza kuhesabiwa ukatili, na mataifa yote mawili hudai kwamba yanamhurumia samaki.

Wazee wetu wa pwani wangeelekea upande wa Mjerumani, ijapokuwa kwa dalili nyingine. Kwao kiumbe kilichoingia mkononi ni riziki, na riziki haichezewi. Lakini juu ya nani ahesabiwe riziki, Waislamu wenyewe hawakukubaliana, na mvuvi wa Magelungen anaweza kuwakuta mafakihi wote wamesimama ukingo mmoja. Mashafii, ambao ndio wengi katika Uswahili, huhalalisha karibu kila kinachoishi majini, na ndiyo sababu mchuzi wa papa, pweza na ngisi haukupata kumtia mtu wasiwasi Unguja wala Lamu. Mahanafi, walio wengi baina ya Waturuki na Wasyria, hufunga mlango kwa kisichokuwa samaki, hivyo karamu ya kamba ya mwezi wa Agosti huwapita. Na Mashia Ithnaashari, wawe Wairaki wa Stockholm au Makhoja wa Zanzibar, hutaka samaki awe na magamba, kwa hiyo papa na kambare si wao. Na uzito wa suala hilo wa magamba ulionekana mwaka 1983, Ayatollah Khomeini alipotoa fatuwa kwamba stajoni, samaki wa mayai ya thamani kubwa katika Bahari ya Kaspi, anayo magamba ya kutosha kuwa halali. Braxen, kwa bahati yake njema au mbaya, ana magamba ya kumridhisha kila fakihi.

Hata hivyo dini haikutia mipaka yote. Msomali ni Mshafii kama Mzanzibari, na nchi yake ina mojawapo ya pwani ndefu kuliko zote Afrika, lakini mfugaji wa ngamia aliwadharau kwa karne nyingi wala-samaki, akiwaona ni watu wasiokuwa na mifugo ya kula. Baada ya ukame mkubwa wa 1974 na 1975 serikali ya Siad Barre iliwahamishia pwani maelfu ya wafugaji walioangamiziwa mifugo, ikawapa mashua ili wawe wavuvi. Wachache walizoea, na wengi, mvua ziliporejea, waliirudia mifugo. Kinyume chao ni Wabarawa na Wabajuni, ambao katika nchi ile ile wameishi kwa samaki tangu dahari. Kwa hiyo atakayesema kwamba Wasomali wa Hagsätra wanakula samaki, au kwamba hawali, atakuwa hajauliza ni Msomali wa wapi.

Kenya nayo ina kisa chake. Ewart Grogan alileta trauti kutoka Uskochi mwaka 1905, wakamwagwa katika mito baridi ya milima ya Aberdare, ili walowezi wapate kuvua kama walivyovua kwao. Na mito hiyo ilipita katikati ya Wakikuyu, kaumu ambayo kwa mila zake za zamani haikumla samaki wa aina yoyote. Kwa miaka mingi maji ya watu wasiokula samaki yalifuga samaki kwa ajili ya watu wanaovua kwa mchezo. Siku hizi katika mikahawa ya Nyeri na Nairobi wajukuu wa kaumu hiyo wanakula samaki wa kukaanga kwa ugali, na mila imeondoka bila kelele. Kule Watamu na Malindi jambo limekwenda kinyume: sulisuli ambaye zamani aliletwa ufukoni, akapigwa picha na mtalii, kisha nyama yake ikaingia sokoni, leo mara nyingi hutiwa kibandiko chenye nambari kwa ajili ya utafiti wa African Billfish Foundation na kuachiliwa. Elimu imepata faida, kwa maana safari za samaki hao katika Bahari ya Hindi zimejulikana. Mabaharia wa mashua, waliokuwa wakirudi nyumbani na kitoweo, hawakuulizwa sana.

Ukingoni mwa Magelungen nilimsikia siku moja kijana wa Kikongomani, ambaye wazee wake ni wa Uvira na kwao samaki maana yake ni ndagala na mukeke wa Tanganyika, akizungumza na mzee wa Kiunguja aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja.

"Mzee, huyu tunamurudisha mu maji?" kijana akauliza, braxen mkononi.

"Tumrudishe kwa kosa gani, mwanangu?" mzee akajibu. "Mtie humo ndooni, kisha umpigie simu mama yako umwulize kama ndimu zipo."

Mzee huyo alikuwa na haki zaidi ya alivyojua, kwa sababu ambayo haihusu ladha wala mila. Katika maziwa ya Uswidi mna zebaki, nyingine iliyoletwa na upepo kutoka katika makaa ya mawe na viwanda vya nchi nyingi, na nyingine iliyoachwa na viwanda vya nchi yenyewe. Ndani ya tope, vijidudu huigeuza ikawa ile aina inayoingia katika miili. Mdudu mdogo huila, mört humla mdudu, abborre humla mört, gädda humla abborre, na katika kila ngazi sumu huzidi kukusanyika, hata ikawa samaki mla wenziwe aliyeishi miaka mingi ndiye aliyebeba nyingi. Ndiyo sababu Livsmedelsverket, idara ya serikali inayosimamia chakula, huwashauri wanawake wenye mimba, wanaotarajia kuipata na wanaonyonyesha, wasile abborre, gädda, gös wala samaki aitwaye lake zaidi ya mara mbili au tatu kwa mwaka, na watu wengine wasizidishe mara moja kwa juma. Ushauri wa namna hiyo upo pia juu ya dagaa wa Baltiki, kwa ajili ya sumu ya dioksini inayokaa katika mafuta yao. Gädda na gös, ambao Mswidi na mgeni wote huwaheshimu mezani, ndio wa kuliwa kwa hadhari. Braxen na mört, walao wadudu na konokono wa tope, kwa kawaida wana zebaki kidogo kuliko hao.

Waswidi wana sababu ya kuijua zebaki. Mwaka 1966 walipiga marufuku mbegu za nafaka zilizopakwa zebaki ya namna hiyo, baada ya ndege waliozila kufa kwa wingi mashambani. Miaka mitano baadaye shehena za ngano na shayiri zilizopakwa dawa iyo hiyo zilifika Iraki kwa ajili ya kupandwa. Wakulima wenye njaa wakazisaga wakaoka mikate, na katika msimu huo wa mwisho wa 1971 na mwanzo wa 1972 mamia ya watu walikufa hospitalini na maelfu wakapata madhara ya fahamu. Mwiraki mtu mzima wa Hagsätra anaweza kuikumbuka habari hiyo. Mtu kama huyo hahitaji kuogopeshwa kwa maneno mengi. Anahitaji kuambiwa kwa lugha anayoielewa ni samaki gani, wa ukubwa gani, na nani katika nyumba yake asiandaliwe. Mara nyingi anayemwambia ni mtoto wake, aliyelisikia jambo hilo skuli, au aliyekwenda ziwani na darasa lake katika Klassdraget, siku ya uvuvi ambayo Sportfiskarna huwaandalia wanafunzi na kuwapa fimbo za kuvulia wakarudi nazo nyumbani.

Lawama nyingine inayosikika, kwamba wageni watayamaliza maji kwa ndoo zao, inahitaji kupambanuliwa. Kwa gädda mkubwa ina chembe ya haki: yule jike mwenye mayai mengi akitolewa, pengo lake huchukua miaka kuzibwa, na ndiyo maana katika maji mengi pamewekwa kimo cha juu pamoja na cha chini, jambo ambalo mvuvi mgeni, aliyezoea kuachia wadogo tu, hulistaajabia. Kwa braxen lawama hiyo haina miguu. Yeye na mört wakizidi, huwala wadudu wadogo ambao kazi yao ni kula mwani, na huifukua tope wakayatia maji rutuba zaidi, ziwa likageuka kijani. Hata baadhi ya wilaya zimelipa wavuvi wenye nyavu kuwapunguza. Ziwa Finjasjön, kusini mwa nchi karibu na Hässleholm, lilitolewa mamia ya tani za samaki wa jamii hii kati ya 1992 na 1994, na maji yake yakatakata. Kila braxen aendaye jikoni huondoka na fosforasi yake mwilini.

Ndipo waungwana wakaanza kumtazama upya. Nchini Ufini wakfu wa John Nurminen, unaoshughulikia usafi wa Bahari ya Baltiki, ulihimiza braxen avuliwe, asagwe na kuuzwa madukani kama chapati nene za samaki, miba yake ikiwa imeshughulikiwa na mashine. Na hapa Uswidi Axfoundation imejaribu kumrudisha kwa sura hiyo hiyo ya nyama ya kusaga, kwa ajili ya majiko makubwa yanayolisha watu wengi kwa pamoja. Huuzwa kwa sifa ya kuwa chakula kisichoharibu mazingira. Bibi wa Kipolandi nilipomhadithia habari hiyo aliuliza bei ya kilo moja, akaambiwa haijulikani bado, akasema yeye atangoja hadi Jumamosi, mwanawe atakapokwenda Magelungen.